Umepona ama Umenyamaza?

Kati ya kazi zote za onlaini ambazo zimenilipia nyumba tangu nitoke chuo, iliyonikaa kichwani zaidi ni ile ya kusikiliza rekodi na kuziandika. Unatumiwa faili la sauti, unavaa hedifoni, unaandika kila neno, hata kikohozi. Wakati mmoja nililetewa mfululizo wa mazungumzo ya madaktari wa moyo wa nchi tofauti tofauti, wakijadili tiba ya kuchoma ndani ya moyo kwa katheta. Kulikuwa na neno moja walilolitamka kwa huzuni, na neno lenyewe ni kupona. Walilisema kwa Kiingereza, ndiyo, lakini maana ni hiyo hiyo: tishu imepona, umeme umepona. Kila likitajwa unasikia mtu kule nyuma akiguna kama shabiki aliyeona penalti ya timu yake ikipaa juu ya goli.

Nilirudisha ile sehemu mara tatu nikidhani ni masikio yangu. Tangu lini kupona kukawa habari mbaya?

Wacha nieleze moyo kwanza, maswali yatafuata. Moyo hudunda kwa umeme wake wenyewe. Kuna kituo kidogo juu upande wa kulia kinachotoa mpigo, mpigo unasambaa kwenye chemba za juu, unashuka chini, chemba zinakaza kwa zamu, damu inaenda. Katika ugonjwa unaoitwa fibrilesheni ya atria, chemba za juu zinaacha kukaza pamoja na kuanza kutetemeka ovyo. Fikiria stendi ya matatu ambapo makanga wote wanaita abiria kwa wakati mmoja na hakuna gari linaloondoka. Damu inatuama pale ndani, inaweza kuganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo mtu anapata kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mwenye ugonjwa huu huwa takriban mara 5 ya mtu wa kawaida. Na msidhani ni mambo ya wazee peke yao. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2015 ulifuatilia watu 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, wengi wao kutoka nchi 12 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, thuluthi mbili walikuwa wanawake, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na fibrilesheni hii. Hao shida yao huanzia kwenye vali, na tiba yao ni hadithi nyingine, lakini ni rika letu.

Mwaka 1998 daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wagonjwa 45. Walikuwa wametafuta cheche zinazoanzisha fujo zinatoka wapi, na 94% walizikuta ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo tiba ikawa na umbo lake. Hung'oi cheche. Unapitisha katheta kwenye mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo, unachoma vidonda vidogo vidogo kuzunguka mdomo wa ule mshipa mpaka viungane kuwa duara, na pale palipochomwa panageuka kovu. Kovu halipitishi umeme. Cheche inaendelea kupiga kelele kule ndani, ila hakuna anayeisikia. Tiba hii inaitwa ablesheni. Kwa Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ni kati ya mahali inapofanyika, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mtu wa Nakuru hupanda gari kilomita 160 hivi kwenda kuchomwa moyo.

Sasa pale penye shida. Joto likipita takriban nyuzi 50, seli za moyo hufa kabisa. Lakini pembeni ya kidonda joto ni dogo, na huko seli hazifi. Zinavimba, zinapigwa bumbuwazi, zinaacha kupitisha umeme. Ukipima pale mezani utapata kimya, na kimya cha seli iliyokufa hakina tofauti na kimya cha seli iliyozimia. Ndiyo maana daktari husubiri dakika 20 au 30 kabla ya kuamini alichoona. Wengine hudunga adenosini, dawa ambayo kwa sekunde chache huwaamsha waliozimia na kuwaacha waliokufa. Katika utafiti mmoja uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, mishipa ilikuwa tayari imepimwa na kuonekana kimya, wakadunga adenosini, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wakaonekana na umeme uliokuwa umejificha.

Halafu mgonjwa anarudi nyumbani. Wiki zinapita, uvimbe unashuka, seli zilizozimia zinarudisha nguvu zake moja moja. Pengo dogo kwenye duara linatosha. Kuna utafiti wa Ujerumani, 2016, ambapo watu waliochomewa duara kamili walirudishwa mezani baada ya miezi 3 wakapimwa tena, na takriban 7 kati ya 10 walikuwa na pengo angalau moja. Hapo ndipo wanaposema tishu imepona.

Siku hizi kuna njia mpya inayotumia umeme wenyewe badala ya joto. Mipigo mifupi mno inatoboa matundu kwenye utando wa seli. Mipigo ikiwa na nguvu ya kutosha matundu hayazibiki na seli inakufa. Ikiwa hafifu kidogo, utando unajiziba na seli inaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Maabara za biolojia zimekuwa zikitumia hiyo hali ya pili kwa miaka mingi kuingiza jeni ndani ya seli, kwa sababu tu seli itapona. Marekani iliruhusu njia hii kwa moyo Desemba 2023. Katika jaribio lililotoka mwaka huo huo, lililokuwa na wagonjwa 607, baada ya mwaka mmoja 73% ya waliotibiwa kwa mipigo walikuwa sawa, dhidi ya 71% ya waliotibiwa kwa njia za zamani. Kifaa ni kipya kabisa na bado zaidi ya robo ya watu wanarudi pale pale.

Pengine ningesahau haya yote kama nilivyosahau faili za mahakama za Ohio na mahubiri ya saa mbili. Ila wakati nayasikiliza, anti yangu, mdogo wake mama, alikuwa analala kwenye kitanda changu na mimi nalala chini kwenye godoro. Alikuwa amechomwa moyo Nairobi. Kwake ni Bahati, na baada ya tiba alitaka kukaa karibu na PGH (jina la zamani, najua, lakini hakuna anayesema lile jipya refu) kwa hivyo akaja kwangu Milimani. Watu wakisikia Milimani wanafikiria mageti na miti ya jakaranda. Mimi nakaa ile nyumba ndogo ya wafanyakazi nyuma ya geti. Usiku huku ni kimya sana, upepo wa Menengai ndio unapita kwenye mabati, na katika kimya hicho ungemwona Anti ameketi, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, midomo inahesabu.

Pesa za matibabu zilitoka kwa watu. Kulikuwa na grupu la WhatsApp, kulikuwa na nambari ya M-Pesa, kulikuwa na picha yake amevaa kilemba cha bluu na maandishi makubwa yaliyoandikwa na binamu: TUMSAIDIE APONE. Jumapili ya tatu baada ya kurudi alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Bwana asifiwe, akasema, moyo wangu umetulia, nimepona. Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga, mia mbili mia mbili zao ndizo zilizofika pale.

Wiki ya saba ukaanza tena.

Madaktari wana sheria hapa ambayo naiona ya hekima kuliko sheria nyingi ninazozijua. Wiki za kwanza baada ya ablesheni zina jina lake, na naweza kuliita kipindi kisichohesabiwa. Moyo uliochomwa una uvimbe na hasira, unaweza kuruka ruka, na hilo halihesabiwi kuwa tiba imeshindwa. Zamani kilikuwa miezi 3. Mwongozo wa kimataifa wa 2024 ulikifupisha hadi miezi 2. Kwa hivyo wiki ya saba ya Anti haikuhesabika. Nilimwambia hivyo, nikamwonyesha kwa simu. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayekuelezea mkopo. Mwezi wa nne bado ulikuwa unakuja na kuondoka, na hapo sasa ulikuwa unahesabika.

Kilichonisumbua ni kitu kingine. Aliendelea kusalimiwa "umepona mama, Mungu ni mwema" na aliendelea kujibu "ni mwema." Hakuwahi kusema uongo hata mara moja. Siku ile ya ushuhuda alisema kile ambacho moyo wake ulikuwa unasema, na moyo wenyewe haukuwa unajua. Lakini baada ya wiki ya saba? Nilimuuliza kwa nini haambii grupu. "Nikisema imerudi," akasema, "watasema pesa zao nimezimwaga. Na siku mtoto wa mtu mwingine akihitaji watakumbuka mimi."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ilinifunga mdomo. Mimi nilidhani ni aibu. Kumbe alikuwa anafikiria mgonjwa anayefuata.

Nadhani hapa kuna makosa mawili yamekaa moja juu ya lingine, na yote mawili yamo kwenye lile neno. La kwanza ni kudhani kupona hakuhitaji mwenyewe. Tunasema "imepona" na kufurahi kabla ya kuuliza ni nani huyo aliyepona. Seli iliyozimia pembeni ya kidonda ilifanya kila kitu tunachosifu. Ilipigwa, ikavumilia, ikaziba matundu yake, ikarudi kazini, ikaanza kupitisha ujumbe kwa jirani kama zamani. Ingekuwa ni mtu tungemwandikia kitabu. Na kwa kupona kwake mwenye moyo amerudi kuugua. Seli haina kosa, haijui iko ndani ya Anti. Lakini ukiikubali hiyo hata mara moja, huwezi tena kusema kupona ni kuzuri kwa vyovyote vile. Kunategemea umesimama wapi, kwenye seli au kwenye kitanda.

La pili ni kudhani kupona ni kurudi ulivyokuwa. Ndiyo picha tuliyo nayo sote: ulikuwa mzima, ukaanguka, ukarudi. Moyo wa Anti ulivyokuwa ndio uliomuumiza. Mishipa yake ilikuwa na njia wazi za kupitisha fujo tangu zamani, pengine miaka kabla ya kusikia chochote. Kilichomsaidia ni kuharibiwa mahali maalum na kubaki ameharibika. Georges Canguilhem, Mfaransa aliyesoma falsafa kwanza kisha udaktari, alitoa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1943, vita vikiendelea. Moja ya hoja zake ni kwamba hakuna tiba inayomrudisha mtu kwenye ule usafi wa kabla ya kuugua. Kuwa na afya, kwake, ni kuweza kujiwekea kanuni mpya za kuishi mambo yakibadilika. Na mgonjwa ndiye anayejua kwanza kama anaumwa, daktari anafuata nyuma.

Nampenda huyu mzee kwa hoja ya kwanza. Kwa hii ya mgonjwa kujua kwanza, moyo unamkatalia. Wapo watu wenye mapengo kwenye duara ambao hawasikii chochote na fujo haijarudi: wamepona au la? Na wapo ambao fujo imerudi kimya kimya, hawahisi hata mara moja, na donge linajikusanya. Ndiyo maana miongozo inasema uamuzi wa kuendelea na dawa za kuzuia damu kuganda uangalie hatari ya kiharusi aliyonayo mtu, umri wake, presha, sukari, na siyo kama ablesheni inaonekana imeshika. Yaani unaweza kujisikia mzima kabisa, na bado umezaji wa kidonge ukabaki pale pale. Anti hilo alilielewa haraka kuliko mimi. Alisema ni kama kufunga mlango hata kama hujasikia mwizi.

Neno kurudi lina historia yake katika mji huu, na siwezi kulipita. Januari 2008 nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi na nakumbuka kulala na viatu. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima baada ya uchaguzi ule. Uwanja wa maonyesho hapa Nakuru na uwanja wa Afraha ulijaa mahema. Mei mwaka huo serikali ikaanzisha operesheni ikaiita Rudi Nyumbani. Shilingi 10,000 kwa familia, lori, rudi ulikotoka. Nchi ilikuwa imenyamaza na kimya kile kilipimwa kikaitwa amani. Kuna waliokataa kurudi. Walichanga zile elfu kumi kumi wakanunua mashamba pamoja, wengine hapa Pipeline, wengine Maai Mahiu, wakaanza maisha mahali ambapo hakuna mtu alikuwa jirani yao zamani. Wengi walioongea juu yao waliwaona kama watu ambao bado wana uchungu, hawajasamehe. Mimi siwezi kusema walikuwa na nini moyoni. Ninachosema ni kwamba kutorudi si dalili ya kutopona, na aliyerudi akanyamaza hajathibitisha chochote.

Sitaki kuikamua hii sana. Moyo si nchi na binadamu si seli, na ukichoma uhusiano wa watu kwa sababu mahali fulani kuna cheche utafanya ukatili mkubwa ukiuita tiba. Wapo wanasiasa wa kutosha wanaofikiria hivyo. Katheta inapita penye cheche iliyopimwa, kwa ridhaa ya mwenye moyo aliyetia sahihi. Bila hivyo vitu viwili mfano wangu wote unaanguka, na uanguke tu.

Mahali ambapo naushikilia ni padogo na pa kibinafsi. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha, halafu hamu nayo ikaisha, na ile ya pili ndiyo familia haiwezi kuisikia. Mama akiongea juu ya maisha yangu anatumia neno "ukirudi." Ukirudi utapata nafasi. Ukirudi tutafanya sherehe. Ni upendo, naujua. Kwake mimi niko kwenye kipindi kisichohesabiwa, na kila mwaka anakiongeza kidogo ili nisihesabiwe kuwa nimeshindwa. Nimefikiria sana kuhusu huo ukarimu na nimegundua unanibana. Mtu asiyehesabiwa kushindwa hawezi kuhesabiwa kufanya kitu kingine pia. Madaktari walifupisha kipindi chao kutoka miezi 3 hadi 2 kwa sababu walianza kuona kwamba fujo inayorudi mwishoni mwa kile kipindi mara nyingi inasema ukweli. Ilikuwa inawaambia kitu na wao walikuwa wamekubaliana kutosikia.

Turudi kwa pesa za watu, maana hapo ndipo kuna deni.

Swali ni hili: ukichangia mtu apone, na asipone, anakudai wewe au unamdai? Jibu la haraka la rika letu ni kwamba hakuna deni, ulitoa kwa moyo, tulia. Sikubaliani nalo. Mtu wa Bahati aliyetuma mia mbili wiki ambayo hakuuza nyanya ana haki ya kitu. Hana haki ya matokeo, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo ya kuuza. Hata madaktari wanapoahidi, wanaahidi kwa mwaka: asilimia kadhaa hawatakuwa na fujo baada ya miezi 12. Hayo ndiyo yote waliyo nayo. Ana haki ya habari. Alinunua nafasi kwa ajili ya mtu mwingine, na anastahili kujua ile nafasi ilienda vipi, ili siku nyingine akitoa atoe akijua anatoa nini. Kumficha ili aendelee kuwa mkarimu ni kumfanya mkarimu kwa kutojua. Lakini Anti naye ana hoja, na siyo ndogo: habari ile ile inaweza kumfungia mlango mtoto wa mtu. Wema wa watu hauishi kwa ukweli peke yake, unaishi pia kwa matumaini, na matumaini ya grupu la WhatsApp ni kitu chepesi.

Nikafikiria kwamba tatizo lilianza kwenye lile bango. TUMSAIDIE APONE. Ni neno ambalo hospitali haikulisema. Na la kushangaza ni kwamba Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna ahueni. Tuna nafuu. Nyanya zetu walijibu "nafuu kidogo" maisha yao yote, wakazeeka nayo na kuzikwa nayo, na hakuna aliyewaita waongo. Hata kupona kwenyewe zamani kulikuwa na adabu zaidi. Mtu aliponea chupuchupu. Alipona ajali, yaani gari lilibingirika na yeye akatoka, hata kama alitoka bila mguu. Hakuna aliyedhani kwamba amerudi kuwa kama asiyewahi kupanda lile gari. Sisi tumechukua upande mmoja wa neno, ule wa kuwa mzima kama zamani, tukauweka kwenye bango kwa herufi kubwa.

Mwezi wa tano alienda kwa daktari. Kilichoamuliwa kilikuwa kumrudisha mezani kuangalia, akipata nafasi. Na hapo nikajifunza jambo ambalo sikulitarajia. Wakiingia tena na kukuta pengo kwenye duara, hiyo ni bahati nzuri: tishu ilipona, wataichoma tena, kazi inajulikana. Wakikuta duara zima, kimya kila mahali, kovu kamili, na fujo ipo bado, hapo ndipo wanapokuna kichwa, kwa sababu ina maana ugonjwa unatoka kwingine na ukuta wao mzuri hauna msaada. Zile guno nilizokuwa naandika zilikuwa za watu waliokuwa bado na la kufanya.

Nilimweleza Anti. Alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kwa hivyo naomba nini sasa? Niombe iwe imepona ama isiwe imepona?" Sikuwa na jibu, na nadhani pasta wake pia hangekuwa nalo.

Aliandika kwenye grupu Alhamisi usiku, akiwa ameketi kitandani kwangu, simu karibu na uso kwa sababu hakuwa na miwani. Hakuniruhusu kumrekebishia. Aliandika: Ndugu zangu, mapigo yameanza tena, siyo kama zamani lakini yapo. Daktari anasema hutokea kwa wengi. Nina nafuu, dawa natumia. Mliyotoa hayakupotea, ndiyo maana naandika na mkono wangu. Sitafuti mchango, nawaambia tu.

Kufikia asubuhi watu sita walikuwa wametoka kwenye grupu. Wawili walituma emoji za mikono. Mama mmoja wa ushirika, ambaye kwa desturi hutuma mistari ya Biblia pekee, aliandika kwamba mumewe ana tatizo kama hilo tangu mwaka juzi na wamekuwa wakiogopa kusema, akauliza ile hospitali iko upande gani na kama kadi ya SHA inafanya kazi. Anti alimpigia pale pale, wakaongea dakika arobaini. Mimi nilikuwa na faili la kumaliza kwa hivyo nilivaa hedifoni. Nilipozivua alikuwa bado anaongea, ameweka simu begani, na vidole viwili viko kwenye kifundo cha mkono, anamfundisha yule mama namna ya kuhesabu.